Shilingi zangu 200 za jihadi

Mhariri,

Mara ya mwisho kukuandikia, barua zilikuwa bado zinabandikwa stempu. Ripoti yenu ya Jumapili kuhusu Sudan ndiyo iliyonichokoza. Ukurasa mmoja, "vita vya dini" mara tatu. Dini ipi na ipi? Tangu Aprili 2023 jeshi la serikali la Jenerali Burhan linapiga takbira, wanamgambo wa RSF wa Jenerali Hemedti wanapiga takbira, kisha wanamiminiana risasi. Burhan anaviita vita vya heshima, Hemedti anadai demokrasia, na sisi Wakenya tukawapa watu wa Hemedti ukumbi wa KICC, Nairobi, Februari 2025 wapange serikali yao.

Uongo huu ulishanila pesa. Babu yangu alitoka Milima ya Nuba huko Sudan, akaletwa huku na Mwingereza akiwa askari wa KAR, jeshi la kikoloni, ndiyo maana tuko Kibera. Mwaka 1993 mgeni mmoja alitua barazani kwetu baada ya Isha, kanzu imepigwa pasi, akichangisha kwa ajili ya "mujahidina wanaopigana na makafiri" kusini mwa Sudan. Nilitoa shilingi 200, na enzi hizo 200 ilikuwa pesa. Marehemu mama aliuliza tu, "Na Nuba je, mwanangu?" Mgeni akajibu Nuba wameritadi, yaani wameuacha Uislamu. Miaka ikapita ndipo nikajua alikolitoa neno hilo: Aprili 1992, mjini El Obeid, ilitolewa fatwa kwamba mwasi aliyekuwa Mwislamu sasa ni murtadi, auawe. Yaani jamaa zangu, wenye misikiti yao! Pesa yangu ilinunua risasi ya kuua ukoo wangu, kama haikununua kanzu ya pili. Huku televisheni ya Khartoum ikionyesha "harusi za mashahidi", akina mama wanapiga vigelegele eti mwana ameoa hurulaini. Turabi, kiongozi wa dini na siasa aliyekuwa akiibariki jihadi hiyo, alipokosana na Rais Bashir 1999 akageuka kusema hawakuwa mashahidi. Wale mama nani aliwarudia kuwaambia?

Na hapa kituo cha matatu tuna mhubiri mwenye jenereta na spika mbili. Kila alfajiri Khartoum ni dalili ya mwisho wa dunia, na namba ya kutuma sadaka iko kwenye kadibodi. Afisa alikuja na kipima kelele, akaombewa, akaenda zake.

Ombi langu ni dogo. Siku mtakayoandika tena "vita vya dini", chapeni pembeni bei ya gramu ya dhahabu huko Dubai, inakouzwa ile ya Darfur, magharibi mwa Sudan, wanayoigombania. Maandishi yawe makubwa, miwani yangu imechoka.

Mjukuu wa askari,
Makina, Kibera