Usiondoke Kituoni

Mwanangu,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara nne. Wamekunyima uhamisho, na wewe unasema mwisho wa mwezi unafungasha, liwalo na liwe. Usiondoke kituoni.

Kunyimwa uhamisho si kufukuzwa. Utoro ndio utakaokufukuzisha, na hapo hakuna atakayeuliza kama mama yako alikuwa mgonjwa.

Unasema una haki. Unazo, ila kwa kawaida mwajiri halazimiki kukuhamisha kwa kuwa tu umeomba. Soma mkataba wako wa ajira, na ule wa hali bora kama chama chenu cha wafanyakazi kina makubaliano na mwajiri. Uhamisho ukiwa umeandikwa humo, una pa kushika. Kisha udai sababu ya kukataliwa kwa maandishi. Umejibiwa kwa mdomo ukainuka ukatoka! Wewe, unayewaandikia barua wenzako wote hapo kazini, mpaka najisifu kwa majirani.

Ukiona wamekunyima kwa ajili ya jinsia yako, dini au rangi, huo ni ubaguzi. Mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani unaukataza tangu 1958. Namba 156 wa 1981 unawahusu wanaotunza watoto na wazazi. Muulize mtu wa chama kama nchi imeiridhia. Na usiogope kupeleka malalamiko kwa ngazi zake: namba 158 wa 1982 unasema kumlalamikia mwajiri anayevunja sheria si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Kuondoka bila ruhusa hakuna mkataba unaokutetea.

Niliwakilisha wafanyakazi miaka mingi nikiwaambia hayo hayo. Lakini usiku ule kwenye simu nilikuambia nitakufa bila kukuona. Homa ilikuwa juu. Maneno yale usiyafungie safari.

Mguu umepungua uvimbe. Barua ya daktari ninayo, mdogo wako ataipiga picha akutumie; iambatanishe kwenye ombi jipya, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Likizo yako ya mwaka je, umeimaliza? Kama ipo, iombe, uje nayo.

Bati linavuja tena juu ya kitanda chako, tumekisogeza ukutani. Funguo za kabati sizioni, huenda ulizibeba.

Nijibu kabla hujagusa begi.

Mama yako