Lile kuba la Flaminio

Mwanangu,

Salamu kutoka Tanga. Sote wazima, mama yako anakusalimu sana.

Uliposema chumba ulichopanga huko Roma kiko mtaa wa Flaminio nilifurahi mno, maana mtaani hapo ndipo ulipo ukumbi wa michezo ninaoupenda kuliko yote, Palazzetto dello Sport. Baadhi ya mechi za mpira wa kikapu za Olimpiki ya Roma ya 1960 zilichezwa humo. Ulijengwa 1956 hadi 1957. Msanifu alikuwa Annibale Vitellozzi, mhandisi Pier Luigi Nervi, na kampuni ya Nervi mwenyewe ndiyo iliyoujenga. Hilo la mwisho lizingatie, wewe unayesomea uhandisi: alichora akijua gharama ya kila ubao.

Paa lake ni kuba, la mviringo kama bakuli lililofunikwa, na sisi mafundi tunajua kuba linavyokula mbao. Unasuka kuba zima la mbao, unamwaga zege, kisha unabomoa mbao zako. Nervi alitengeneza chini vipande 1,620 vyembamba, vya matabaka ya wavu wa waya yaliyojazwa saruji na mchanga. Vikapandishwa kwenye jukwaa la kujengea, vikapangwa bega kwa bega, na kwenye mifereji iliyobaki kati yake wakalaza nondo, wakamwaga zege. Vile vipande ndivyo vilivyoshika zege, na havikutolewa tena. Kuba la karibu mita 60 likasimama kwa siku 40! Ukiingia, tazama juu: mbavu unazoziona zimepishana kama kawa lililosukwa ndiyo ile mifereji. Pambo halikuongezwa.

Na ile miguu 36 ya nje, iliyoinama kwa umbo la Y, usidhani ni urembo. Kuba husukuma kwenda nje, na mguu umelazwa kuufuata msukumo huo mpaka kwenye msingi wa duara ardhini.

Viungo kati ya vipande je, vitashika? Nervi alishapata jibu. Mabanda ya kuegeshea ndege aliyoyajenga kwa vipande yalilipuliwa na Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma 1944. Mapaa yalianguka, lakini viungo karibu vyote vikabaki vimeshikamana. Kisa hiki huwasimulia vijana wangu kila tunapofunga nondo.

Nenda siku ya mechi, ukate tiketi ya viti vya juu kabisa. Nipigie picha ya karibu ya mahali mbavu zinapokusanyika kuingia kichwani mwa mguu. Vitabu nilivyonavyo vyote vimeupiga ukumbi kwa mbali.

Baba yako