Barua kwa mwanangu: Mkipanda Wadi Bani Awf

Mwanangu mpenzi,

Maadam mmeshaamua kwenda Ijumaa Wadi Bani Awf, lile bonde la mto mkavu katika milima ya Oman, pandeni kutoka mji wa Al Awabi, kaskazini, mshukie Al Hamra, kusini. Wengi hufanya kinyume, kwa kuwa upande wa Al Hamra ni lami mpaka Sharaf al-Alamayn, pale juu kabisa njia inapovuka mlima, kama mita 2,000. Kisha wanateremka kwenye changarawe wakikanyaga breki kila kona, mpaka zinachemka na pedali inazama. Wewe panda kwa 4L (gia ya chini ya magurudumu manne), na kwenye mteremko wa lami tia gia ndogo, injini ikushikilie.

Gari la kukodi msilichukue kabla ya kusoma mkataba. Bima nyingi hazilipi tairi wala uvungu ukiharibikia nje ya lami. Kagua spea na jeki. Upepo wa tairi ukiwa psi 35, shusha hadi 28, usishushe zaidi. 15 ni ya mchangani, na kwenye mawe makali ubavu wa tairi hupasuka. Maji lita 5 kila mtu.

Sasa miamba, maana ndiyo mnayoifuata. Vile vilima vyeusi-kahawia mtakavyoviona kabla ya milima mikubwa, vinavyomeguka kama mkaa, ni sakafu ya bahari na mwamba wa chini yake, vilivyosukumwa vikapanda juu ya ukingo wa bara. Umri wake ni kama miaka milioni 95. Ukiona jiwe la kijani linaloteleza kama sabuni, ni hilo hilo lililobadilishwa na maji. Kisha mnaingia kati ya kuta za mawe ya chokaa, na matabaka yake yamelala mshazari kuelekea mlikotoka. Jabal Akhdar, mlima wenyewe mnaoupita, ni kuba lililoliwa katikati, kwa hiyo kadiri mnavyokwenda ndani mawe yanazidi kuwa ya kale. Karibu na kijiji cha Bilad Sayt mko kwenye kiini chake. Juu, Sharaf, chokaa inarudi, safari hii imeinamia kusini.

Bilad Sayt egesheni nje, mtembee. Vichochoro ni vyembamba na mashamba ya ngazi yanategemea falaj, yaani mifereji ya kumwagilia, msiikanyage.

Kona zisizoonekana, piga honi. Mkikutana na gari, anayepanda ndiye apishwe, ila aliye karibu na nafasi ya kupishana ndiye arudi nyuma, hata akiwa ni wewe.

Mvua ndiyo inayoua huko. Yaweza kunyesha mlimani huku kwenu jua linawaka, na maji yakafika ghafla. Msiegeshe wala kula kwenye kitanda cha wadi. Mkiona maji yamegeuka tope au mkisikia ngurumo, acheni vyombo, pandeni juu kwa miguu. Wadi iliyojaa haivukwi. Sheria ya Oman humwadhibu anayejitosa.

Tokeni Muscat saa kumi na mbili asubuhi, korongoni giza huwahi. Mtandao nao hukatika humo: nitumie ujumbe mkiiacha lami, na mwingine mkiipata tena. Polisi ni 9999.

Baba yako