Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, Bwana Yesu asifiwe.

Mambo ya fedha mtayasikia kwa mhazini, na ya uanachama kwa katibu. Mimi nitajikita katika jambo lililotushughulisha mwaka mzima: namna shule zetu zinavyompima mtoto.

Kwa muda mrefu tumempima kwa nafasi aliyoshika darasani. Wa kwanza hupewa zawadi na kufanywa kiranja. Wa mwisho huenda likizo akiamini kuwa Mungu alimnyima akili. Hatuwezi kumwambia mtoto kwenye ibada ya asubuhi kwamba ameumbwa kwa mfano wa Mungu, halafu ripoti ya mwisho wa muhula ikamwambia hana kitu.

Ndiyo maana semina za walimu zilianzia kitabu cha Kutoka, sura ya 31. Bezaleli, fundi wa hema ya kukutania, alijazwa Roho wa Mungu ili afue dhahabu, fedha na shaba, achonge mawe na mbao. Ufundi wa mikono umehesabiwa pale kuwa hekima itokayo kwa Mungu, na ningependa kila mwalimu wetu aisome sura hiyo kabla ya kusahihisha mitihani.

Tulijadili pia nadharia ya Howard Gardner, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye mwaka 1983 alitaja aina saba za akili: ya lugha, ya mantiki na hesabu, ya muziki, ya mwili, ya maumbo na nafasi, ya kuelewa watu na ya kujielewa. Baadaye aliongeza ile ya kutambua viumbe vya asili. Wanasaikolojia wengi wanaona ushahidi wake haujatosha, na Gardner mwenyewe amekataa nadharia hiyo ichanganywe na madai ya mitindo ya kujifunza, yaani kwamba kila mtoto hujifunza vizuri zaidi kwa njia yake moja, kama kuona au kusikia. Kwa hiyo tuliwasihi walimu wasimbandike mtoto jina la “wa muziki” au “wa michezo” wakamwachia hapo. Mwenye sauti nzuri bado anatakiwa kujua sehemu na desimali.

Tunda la semina hizo nililiona katika somo la sayansi. Binti mmoja ambaye ni nadra kunyoosha mkono aliombwa achore mzunguko wa maji ubaoni. Alichora bahari, mvuke, mawingu na mvua, kisha akaongeza mishale inayoshuka ardhini hadi kwenye chemchemi, njia ambayo wenzake wote walikuwa wameisahau walipojibu kwa maneno. Mwalimu alimwomba awaeleze. Alieleza kwa sauti ya chini, lakini alieleza yote, na wenzake wakaanza kumuuliza maswali yeye badala ya mwalimu.

Upande wa uongozi tumejifunza kwa Yethro, mkwewe Musa, aliyemshauri Musa aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Tumeanza na makumi. Wanafunzi wamegawanywa katika vikundi vidogo, na kila mmoja hupokea zamu ya kuongoza: kugawa kazi, kusuluhisha ugomvi, kumfuatilia mwenzake aliyekosa masomo. Viranja nao hawateuliwi tena kwa alama peke yake. Katika vikao vya baraza la wanafunzi mwalimu mlezi huketi nyuma na kunyamaza, na walimu wametuambia kuwa kunyamaza huko ndiko kulikowawia kugumu. Naomba waendelee kuvumilia. Mtoto anayepewa cheo bila kazi ya kuwahudumia wenzake anajifunza ubwana, na Marko 10 inatukataza ubwana huo waziwazi.

Baadhi ya wazazi wanahofia kuwa mambo haya yatashusha ufaulu. Hofu yao ni ya haki, na hatujapunguza kipindi hata kimoja cha kusoma wala cha hisabati. Kinachonisumbua zaidi ni mzigo wa walimu: mwenye darasa kubwa hawezi kumfahamu kila mtoto kwa nia njema tu. Tukitaka kazi hii idumu, wanachama wenye ujuzi wa useremala, ushonaji, kilimo, muziki au uhasibu waje shuleni wafundishe bega kwa bega na walimu.

Kamati inapendekeza kwamba kuanzia mwaka ujao ripoti ya kila mwanafunzi iwe na aya moja ya mwalimu, inayotaja kipawa alichokiona, mfano wa jinsi kilivyoonekana, na jukumu ambalo mtoto atapewa muhula unaofuata. Naliweka pendekezo hilo mbele yenu mlijadili na kulipigia kura leo.

Wenu katika Kristo,
Mwenyekiti