Kliniki zimuulize kila mjamzito kuhusu pombe, na mbege ihesabiwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niseme jambo ambalo sisi wakunga tumelijua kwa muda mrefu na ambalo bado halijapewa uzito unaostahili, nalo ni unywaji wa pombe wakati wa ujauzito, hususan pombe zinazopikwa majumbani mwetu. Ninachoomba ni kwamba kila mjamzito anayefika kliniki aulizwe kuhusu pombe katika kila hudhurio, atajiwe pombe inayonyweka katika eneo lake, na aulizwe faraghani bila kuaibishwa.

Nasema atajiwe kwa sababu mwanamke wa huku kwetu Kilimanjaro ukimuuliza kama anakunywa pombe, mara nyingi atakujibu kwamba hanywi, wala hatakuwa anakudanganya. Katika fikra zake pombe ni bia ya chupa, pombe kali na gongo. Mbege aliyopewa jana msibani, iliyotengenezwa kwa ndizi na ulezi, kwake ni kinywaji cha nyumbani ambacho mama yake na bibi yake walikunywa, na pengine ameambiwa na watu anaowaheshimu kwamba inaongeza damu na maziwa. Naamini ndivyo ilivyo pia kwa ulanzi kule Njombe, rubisi kule Kagera na mnazi kule Tanga. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa huduma kwa wajawazito wa mwaka 2016, lilielekeza kwamba wajawazito wote waulizwe kuhusu pombe mapema iwezekanavyo na katika kila hudhurio. Lakini swali linaloulizwa harakaharaka, mbele ya foleni ya akina mama wengine, huku mhudumu akiwa tayari ameandika jibu, halimsaidii mtu yeyote.

Kilevi kilichomo katika mbege ni kilekile kilichomo katika bia, mvinyo na gongo. Kinachotofautiana ni wingi wake tu, na pombe nyepesi ikinywewa lita nzima humfikishia mnywaji kilevi kingi vilevile. Mama akinywa, kilevi huingia katika damu yake, hupita kwenye kondo la nyuma, na baada ya muda mfupi damu ya mtoto huwa na kiwango kinachokaribiana na cha mama. Ini la mama hukivunja kilevi hicho, lakini ini la mtoto aliye tumboni bado ni changa mno kwa kazi hiyo, na kile anachokitoa kwa mkojo hubaki katika maji yanayomzunguka, ambayo mtoto huyohuyo huyameza tena. Uso na moyo huumbika katika wiki za mwanzo, mara nyingi kabla mama hajajua kwamba ana mimba, ilhali ubongo huendelea kujengeka miezi yote tisa. Kwa hiyo hakuna mwezi ambao pombe haina hatari, na hakuna kiasi ambacho wataalamu wameweza kukithibitisha kuwa ni salama.

Madhara haya si uvumi wa hivi karibuni. Mwaka 1968 daktari wa watoto Paul Lemoine, wa mji wa Nantes nchini Ufaransa, aliandika kuhusu watoto 127 waliozaliwa na wazazi walevi, na mwaka 1973 madaktari Kenneth Jones na David Smith wa Seattle, Marekani, walieleza dalili zilezile na kuupa ugonjwa huo jina ambalo dunia inalitumia hadi leo, yaani fetal alcohol syndrome. Watoto hao huzaliwa na uzito mdogo na kichwa kidogo, mwanya wa kila jicho huwa mfupi, mdomo wa juu huwa mwembamba, na kijifereji kilicho kati ya pua na mdomo huwa kama kimefutika. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba watoto wapatao 119,000 duniani huzaliwa kila mwaka wakiwa na hali hiyo kamili. Walioathirika ubongo bila alama yoyote usoni ni wengi zaidi, na hao ndio wanaonisumbua moyo kuliko wote, kwa sababu hakuna anayewatambua.

Mtoto wa aina hiyo utamwona darasa la pili au la tatu. Alichofundishwa Jumatatu amekisahau Jumatano, hesabu zinamshinda, hawezi kutulia, akitumwa vitu viwili anarudi na kimoja, na akiadhibiwa kwa kosa fulani hulirudia kesho yake kana kwamba hakuadhibiwa. Shuleni huitwa mtukutu au mzito wa kichwa, na fimbo hutembea. Nyumbani husemwa kwamba amerogwa, au kwamba ni mkosi wa ukoo wa upande fulani. Ukweli ni kwamba sehemu ya ubongo wake inayotunza kumbukumbu na kuzuia pupa iliumia kabla hajazaliwa, na hakuna kiboko kitakachoiponya. Dawa ya kuondoa madhara hayo haipo. Hata hivyo, mtoto aliyetambuliwa mapema, akapewa maelekezo mafupi yanayorudiwa, ratiba isiyobadilikabadilika na mlezi mwenye subira, huendelea vizuri zaidi kuliko aliyeachwa apigwe hadi akakimbia shule.

Afrika Kusini imeliona tatizo hili kwa uchungu mkubwa. Katika mashamba ya zabibu ya Rasi ya Magharibi, kwa vizazi vingi vibarua walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, na utaratibu huo uliacha mazoea ya ulevi yaliyodumu hata baada ya kupigwa marufuku. Watafiti walipowapima watoto wa darasa la kwanza katika jamii moja ya huko mwishoni mwa miaka ya 1990, waligundua zaidi ya watoto 40 katika kila 1,000 wenye ugonjwa huu. Sisi hatukulipwa kwa mvinyo, lakini tuna vilabu vya pombe karibu kila kijiji, na bila kuuliza hatuwezi kujua tuna watoto wangapi wa namna hiyo madarasani mwetu.

Lipo kundi moja ambalo sijapata kulisikia likitajwa katika mahubiri ya kukataza pombe, nalo ni la wanawake wanaoipika. Mama huyu huenda si mnywaji hata kidogo. Anapika ili alipe michango ya shule na anunue sabuni, na kwa kuwa wateja hawasamehe pombe iliyoharibika, ni lazima aonje: anaonja asubuhi, anaonja inapoiva, anaonja mteja anapolalamika. Akiwa na mimba anaendelea kuonja, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake. Mama huyu hahitaji kukemewa. Anahitaji kuelezwa kwamba kazi ya kuonja aikabidhi kwa mtu mzima mwingine asiye na mimba hadi atakapojifungua, na halmashauri zinapogawa mikopo ya vikundi vya wanawake zimfikirie yeye kwa ajili ya shughuli nyingine.

Vilevile tusiwabebeshe wanawake peke yao mzigo huu. Mzee akimpa mkamwana wake kata ya mbege kwenye sherehe, kuikataa huonekana ni dharau, na mume anayerudi na chupa mbili jioni humtarajia mkewe amsindikize katika kunywa. Serikali imewahimiza akina baba waongozane na wake zao kliniki, nami nashauri siku hiyo itumike kuwaambia waziwazi kwamba nyumba yenye mjamzito isimpe mama huyo pombe yoyote, na kwamba mama mkwe anayetaka kumwongezea mkamwana damu ampikie uji wa ulezi, kwani ulezi una madini ya chuma na chokaa bila kulazimika kugeuzwa pombe. Wazee wetu wanasikilizwa sana. Mmoja wao akisimama kilingeni na kutangaza kwamba mwenye mimba harushiwi kata, neno lake litafika mbali kuliko bango la zahanati.

Kuna tahadhari mbili ambazo wahudumu wanapaswa kuzielewa vizuri. Ya kwanza, mama aliyekunywa kabla ya kujua kwamba ana mimba asitishwe hata akaogopa kurudi kliniki. Aelezwe kwamba kuacha leo kunamsaidia mtoto, hata kama mimba ina miezi sita. Ya pili, mwanamke ambaye mwili wake umeshazoea pombe kali kila siku, na ambaye hutetemeka asubuhi asipoipata, asiamriwe aache ghafla akiwa peke yake nyumbani, maana anaweza kupata degedege na kuhatarisha uhai wake na wa mtoto. Huyo apewe rufaa na asimamiwe na daktari.

Kliniki zetu tayari hupima shinikizo la damu, wingi wa damu, mkojo, kaswende na virusi vya UKIMWI, na upimaji wa virusi hivyo ulizoeleka kwa sababu ulifanywa kwa kila mama bila kuchagua. Swali la pombe nalo liwe la kila mama, awe mke wa mchungaji, mwalimu au muuza pombe, ili asiwepo anayejiona ameshukiwa. Halihitaji mashine wala kitendanishi. Na kwa kuwa wengi wetu hufika kliniki mimba ikiwa imepita miezi mitatu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii walibebe swali hilo wanapopita nyumba kwa nyumba, wakianzia kwa wasichana walioolewa karibuni. Naiomba Wizara ya Afya iliweke katika mafunzo yao yajayo, pamoja na orodha ya pombe za kienyeji za kila mkoa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkunga mstaafu,
Moshi Vijijini, Kilimanjaro