Upinzani uulize kodi ya kaboni itatozwa mlango gani

Mhariri,

Kodi ya kaboni, yaani kodi inayotozwa kwa gesi ya kaboni inayotoka mafuta yakiungua, si neno geni tena Kenya. Septemba 2023, viongozi wa Afrika waliokutana Nairobi walipitisha azimio la kuitaka dunia itoze kodi hiyo kwenye biashara ya mafuta, meli na ndege, na Hazina ya Kitaifa nayo imeshaligusia wazo hilo katika mipango yake ya mapato. Siku mswada utakapofika Bungeni, upinzani utasimama kuupinga, na hiyo ndiyo kazi waliyopewa. Hofu yangu ni kwamba watapaza sauti pasipo na uzito na kunyamaza panapouma.

Tuanze na hesabu, kwa sababu bila hesabu mjadala huwa ni wa mdomo tu. Kodi hii haitozwi kwa kupima moshi. Hakuna afisa atakayesimama Kongowea na mashine akiwinda matatu. Lita ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za gesi ya kaboni (kaboni dioksidi), lita ya dizeli kilo 2.7, na kilo moja ya gesi ya kupikia hutoa kama kilo 3. Gari liwe jipya au mkweche, lita ni lita. Ndiyo maana kodi hutozwa mafuta yenyewe kabla hayajaungua, na kwa nchi yetu mlango mkuu uko hapa hapa Mombasa: gati la Kipevu na mabohari yanayopokea kutoka huko.

Tuseme serikali imeamua shilingi 1,000 kwa kila tani ya kaboni. Nimechukua kiwango hicho kwa urahisi wa kuhesabu tu. Petroli itapanda shilingi 2.30 kwa lita, dizeli shilingi 2.70, mtungi wa gesi wa kilo 6 shilingi 18, na wa kilo 13 shilingi 39. Tuktuk inayochoma lita sita kwa siku italipa chini ya shilingi 14. Lori linalokula lita 45 kwa kila kilomita 100 litatumia lita 216 kutoka bandarini hadi Nairobi, kodi yake shilingi 583. Likiwa limebeba tani 28, hiyo ni kama senti mbili kwa kilo. Pakiti ya kilo mbili ya mchele inaongezeka senti nne kwa safari hiyo.

Sasa mwenye duka akipandisha pakiti hiyo shilingi tano na kusema "ni kodi ya kaboni", anatudanganya, na ni nani atakayemkamata? Australia walilifikiria hilo mapema. Kodi ilipoanza kule tarehe 1 Julai 2012, kwa dola 23 za Australia kwa tani, tume yao ya ushindani ilikuwa tayari na mamlaka ya kumtoza faini ya hadi dola milioni 1.1 mfanyabiashara anayesingizia kodi kwa bei aliyoipandisha mwenyewe. Sisi tuna Mamlaka ya Ushindani iliyoundwa kwa sheria ya 2010, na kulinda mnunuzi ni sehemu ya kazi yake. Mbunge wa upinzani anayetaka kumsaidia mtu wa Likoni au Mikindani aulize kama mswada una kifungu cha namna hiyo.

Aulize pia kuhusu VAT. Je, itatozwa juu ya kodi ya kaboni? Ikiwa ndiyo, kwa asilimia 16 ile shilingi 2.70 ya dizeli inakuwa shilingi 3.13, na senti hizo 43 hazihusiani na hewa wala mazingira. Kanada ilifanya hivyo hivyo, ikaweka kodi juu ya kodi, na upinzani haukuacha kuwakumbusha.

Kanada ndiyo darasa kubwa zaidi kwetu, kwa kuwa pale vita vilipiganwa ndani ya Bunge kwa miaka. Kodi ya mafuta ilianza Aprili 2019 kwa dola 20 za Kanada kwa tani, ikafika dola 80 mwaka 2024, sawa na senti 17.6 kwa lita ya petroli. Sehemu kubwa ya pesa ilirudishwa kwa familia. Serikali ikasema familia nyingi zinapata zaidi ya zinavyolipa. Upinzani wa Conservative chini ya Pierre Poilievre ukasema ni wizi mtupu. Afisa wa bajeti wa Bunge alipotoa hesabu zake, kila upande ulichukua ukurasa unaoupendeza: ukihesabu kodi na marejesho peke yake, familia nyingi zilikuwa mbele; ukiongeza athari kwa mishahara na faida za kampuni, nyingi zilikuwa nyuma. Kisha mwaka 2024 afisa huyo akakiri kwamba hesabu ya pili ilikuwa imechanganya na kodi ya viwanda, ambayo ni mfumo mwingine kabisa. Kufikia hapo wimbo wa "futa kodi" ulikuwa umeshaenea nchi nzima.

Kenya ina Ofisi ya Bajeti ya Bunge. Kiongozi wa Wachache anaweza kudai hesabu zote mbili ziwekwe mezani kabla ya mswada kusomwa mara ya pili, zikieleza waziwazi ni kodi gani imehesabiwa na ipi haimo. Hilo lina faida kuliko hotuba ishirini.

Kilichoiangusha kodi ya Kanada, kwa maoni yangu, ni mambo mawili ambayo serikali ilijifanyia yenyewe. Kwanza, kodi ilionekana kila siku kwenye bei ya petroli, ilhali marejesho yaliingia benki mara nne kwa mwaka, tena kwa jina ambalo wengi hawakulitambua. Jina lilibadilishwa Februari 2024, wakati huo watu wameshachoka. Pili, Oktoba 2023 Waziri Mkuu Justin Trudeau alisimamisha kodi kwa mafuta ya kupasha nyumba joto kwa miaka mitatu. Mafuta hayo hutumika zaidi mikoa ya mashariki. Wanaotumia gesi upande wa magharibi wakauliza: na sisi? Hapakuwa na jibu. Mkoa wa Saskatchewan ukaacha kukusanya kodi ya gesi ya majumbani kuanzia Januari 2024. Hoja ya Poilievre ya kutokuwa na imani na serikali ilishindwa Machi 2024, lakini mwaka mmoja baadaye Waziri Mkuu mpya Mark Carney, wa chama kile kile kilichoianzisha, aliishusha kodi ya mafuta ya wananchi hadi sifuri kuanzia tarehe 1 Aprili 2025. Ya viwanda vikubwa ilibaki.

Australia ilikwenda kasi zaidi. Waziri Mkuu Julia Gillard aliahidi kabla ya uchaguzi wa 2010 kwamba hakutakuwa na kodi ya kaboni, kisha akaileta. Tony Abbott wa upinzani hakuhitaji hesabu. Alihitaji ile ahadi tu. Sheria ilipita bunge la chini kwa kura 74 dhidi ya 72, na Julai 2014 ikafutwa. Fidia ilikuwepo, tena nono: kiwango cha mapato yasiyokatwa kodi kilipandishwa kutoka dola 6,000 hadi 18,200. Lakini ni nani hutazama karatasi ya mshahara akasema hii ni fidia ya kaboni?

Turudi kwetu, kwenye misamaha, maana hapo ndipo wabunge wa pande zote hupenda kujionyesha wema. Mmoja atasimama aseme mafuta ya taa yasitozwe, ni ya maskini. Kauli nzuri, ila tumeshaiona sinema hiyo. Mafuta ya taa yalipokuwa rahisi kuliko dizeli, yaliishia kwenye matangi ya malori, yakaharibu pampu na nozeli, hadi mwaka 2018 ikabidi yatozwe ada ya shilingi 18 kwa lita ya kuzuia uchakachuaji. Ukiweka pengo la bei kati ya bidhaa mbili zinazochanganyika, umewalipa watu wazichanganye. Maskini asaidiwe kwa njia nyingine.

Gesi ya kupikia ni kinyume chake, na hapa ningemuunga mkono mbunge anayetaka isamehewe. Gesi haichanganyiki na dizeli. Mshindani wake ni makaa, na makaa hayapiti Kipevu. Yanakuja kwa pikipiki usiku kutoka Kwale na Kilifi, hayana bohari wala risiti. Kodi ya kaboni ikigusa mtungi na kuliacha gunia, mama wa mtaa wa Bangladesh hapa Mombasa atarudi kwenye jiko la makaa na msitu utalipa. VAT ya gesi imeshatuyumbisha vya kutosha: asilimia 16 mwaka 2021, ikapunguzwa hadi 8 mwaka 2022, ikaondolewa 2023.

Jambo ambalo sijasikia mbunge yeyote wa Pwani akiligusa ni mafuta ya nje. Sehemu kubwa ya shehena inayoshushwa Kipevu si yetu. Inakwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo. Kodi ikitozwa gatini kwa kila lita, itabidi irudishwe mpakani, na marejesho ya ushuru katika nchi hii yanajulikana yanavyokwenda. Isipotozwa, kila lori lililoandikwa "transit" linakuwa kishawishi cha kumwaga mafuta njiani na kuweka mfukoni tofauti ya bei. Mchezo huo upo tayari kwa sababu ya kodi zilizopo, ndiyo maana mafuta ya nje hutiwa kemikali ya alama ili yakikutwa kwenye kituo cha ndani yatambulike. Kodi mpya inaongeza faida ya mchezo. Swali la upinzani ni jepesi: fedha za kupima vituo vya mafuta zimeongezwa kiasi gani?

Saruji nayo. Mawe ya chokaa yakichomwa tanurini hutoa kaboni yenyewe, mbali na ya moto, kwa hivyo kiwanda hakiwezi kukwepa hata kikichoma maganda ya korosho. Tani ya klinka, yale madonge yanayotoka tanurini na kusagwa kuwa saruji, hutoa kama kilo 850 za kaboni kwa jumla. Mfuko wa kilo 50 wenye theluthi mbili ya klinka utaongezeka takriban shilingi 28 kwa kiwango chetu cha mfano. Kodi ikikatwa kwenye tanuri za hapa tu, klinka iliyochomwa ng'ambo itaingia bandarini bila mzigo huo, na kazi zitakwenda ilikochomwa. Ulaya imeshaliona hilo na kuweka utaratibu wa kutoza kaboni ya bidhaa zinazoingia, saruji ikiwemo. Mswada usio na kifungu cha forodha ni mswada wa kufunga tanuri.

Stima haina shida kubwa, kwa kuwa karibu asilimia 90 ya umeme wetu ni wa mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Mitambo ya mafuta mazito ya Kipevu na Rabai itaguswa, na itaonekana kwenye mstari wa gharama ya mafuta katika bili.

Afrika Kusini ilianza Juni 2019 kwa randi 120 kwa tani, lakini viwanda vikapewa nafuu ya asilimia 60 hadi 95, kwa hivyo kilicholipwa hasa kilikuwa kati ya randi 6 na 48. Mwenye gari hakupewa nafuu hiyo. Alilipa senti 9 kwa lita ya petroli na 10 kwa dizeli. Nataja hili kwa sababu mwanya kama huo hujificha kwenye jedwali la mwisho la mswada, sehemu ambayo wabunge huifikia wakiwa wamechoka.

Halafu kuna suala la nani anapandisha kiwango. Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema hakuna kodi itakayotozwa ila kwa sheria. Hata hivyo, ada ya ukarabati wa barabara ilipanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita Julai 2024 kwa agizo la waziri. Upinzani usikubali mlango huo. Kiwango cha mwaka wa kwanza na cha kila mwaka unaofuata viandikwe ndani ya sheria, vifike Bungeni vikitaka kubadilishwa.

Kuhusu marejesho, Inua Jamii, mpango wa serikali wa pesa za msaada wa shilingi 2,000 kwa mwezi, inamfikia mzee wa miaka 70, haimfikii dereva wa tuktuk wa miaka 30 ambaye ndiye anayenunua petroli. Atakayesema "pesa zitarudi kwa wananchi" aseme kwa namba ya simu ya nani, na kila baada ya miezi mingapi.

Mswada ukishafika kwenye kamati ya fedha, wasomaji wa Mombasa nao wana nafasi. Maoni hupelekwa kwa maandishi kwa Karani wa Bunge la Kitaifa. Andika nambari ya kifungu, maneno unayotaka yafutwe, maneno unayotaka yawekwe badala yake, na sababu kwa mistari michache. Barua ya "tunapinga mswada wote" haina cha kuhaririwa. Ile inayosema "kifungu hiki kiongezwe: gesi ya kupikia haitatozwa" mbunge anaweza kuichukua kama ilivyo na kuiwasilisha kama marekebisho mbele ya Kamati ya Bunge Zima.

Msomaji,
Tudor, Mombasa