Tanzia za wazee wa KEYA

Mhariri,

Tanzia nyingi za babu zetu wa KEYA (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) huishia "alipigana Burma", basi. Andikeni batalioni na namba ya jeshi. Kavitafuteni kwenye cheti cha kuachishwa jeshi, si kwenye medali: Nyota ya Burma ilitolewa na Waingereza bila jina, na za ndugu wawili zikichanganyika sandukuni hazitenganishiki. Aliyekuwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, tajeni Kalewa huko Burma, walikovuka mto Chindwin Desemba 1944. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam (1927) ni ya vita vya kwanza vya dunia, si vya pili alivyopigana yeye, msiihusishe naye.

Utumishi serikalini: cheo, kituo, mwaka. "Mtumishi hodari" huitwa hata tarishi mvivu. Wajukuu nao waulizwe. Wao ndio wajuao alivyowamenyea miwa.

Msomaji, Tanga